Maji Yaliyorudi Njiani

Mama Namkunda, jirani yetu tunayepakana naye migomba, anasimulia kwamba asubuhi ile alifika ndivani mapema, jembe begani, kwa sababu zamu ilikuwa yake na tangawizi yake ilikuwa imeanza kukunja majani kwa kiu. Anasema aliwakuta wenzake wamekaa juu ya ukingo wa ndiva, yaani bwawa letu la mawe na udongo ambalo huzibwa jioni likusanye maji ya kijito, asubuhi lifunguliwe yashuke mashambani. Baba yangu, Mzee Kibacha, alikuwa amesimama penye kizibo na mti wake mrefu mkononi, kama anavyosimama tangu mimi sijazaliwa. Desturi ya kwetu ni kwamba maji hayatoki kimya. Mgawaji huita kwanza jina la mwenye zamu, kwa sauti, ili kila mwenye mfereji asikie na asiwepo wa kusema hakujua. Na akishaita, neno limetoka, haligeuzwi mpaka ndiva ikauke. Basi Mama Namkunda anasema baba alinyamaza sana, akaangalia maji, akaangalia mlima, halafu akaita: "Maji ya leo ni ya Mavura."

Mavura amekufa. Amekufa zamani, shamba lake limekuwa pori, na watoto wake walihamia Korogwe hawaji hata kwa misiba. "Nikamwambia, 'Mzee, Mavura gani? Au huko kuzimu nako wanalima tangawizi?' Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akachomoa kizibo." Ndivyo anavyosimulia Mama Namkunda, na anaongeza kwamba maji yalishuka mchana kutwa kwenye magugu, vyura wakashangilia, na kwa kuwa neno lilikuwa limeshaitwa hakuna aliyethubutu kuyageuza. Mie sikuwepo. Nilikuwa mashineni nasaga. Kila akisimulia, pori linarefuka na kicheko kinakuwa kikubwa zaidi, lakini jina halibadiliki.

Siku niliyoota ndoto ninayotaka kuwasimulia, kamati ya maji ilikuja nyumbani mchana. Mwenyekiti wao, Elirehema, ni mtu mpole, hata kiti alikikalia pembeni kama mgeni wa posa.

"Shikamoo, mzee. Tumekuja kukusalimu."

"Marahaba. Mmeshanisalimu," baba akasema.

Wakacheka kidogo, wakatazamana. Kisha Elirehema akauliza, kama mtu anayepitisha muda tu, kwenye mfereji wa juu nani humfuata nani. Baba aliinua macho. Namjua baba akiinua macho hivyo: anatafuta. Midomo ilianza kujipanga, nami moyo ukaanza kuniuma kwa aibu ambayo ilikuwa bado haijampata, nikajibu mimi, nikamtajia Elirehema zamu zote kuanzia juu hadi chini bila kukosea. Akauliza la pili, habari ya mwaka ule ukingo ulipobomoka. Nikajibu hilo nalo. Mmoja wao akapangusa mdomo, akasema, "Siku hizi mzee ana redio. Unamuuliza yeye, redio inajibu."

Baba alisimama, akachukua jembe lake, akaenda nyuma ya nyumba. Sikumsikia akilima.

Nilipowasindikiza, Elirehema alibaki nyuma. "Binti, kesho tunakaa. Wewe ndiye unayekula naye na kulala naye nyumba moja. Tutakuuliza jambo moja tu: akili za mzee zipo, au hazipo? Ukisema zipo, anabaki na mti wake, na mazao ya watu yatakuwa juu ya neno lako. Ukisema hazipo, tutampa mwingine, mzee apumzike."

Apumzike. Kwetu mgawaji aliyevuliwa kazi hapiti tena njia ya ndivani, watu wasije wakasema anayaonea maji kijicho. Huzungukia bondeni, njia ndefu, mpaka siku ya kubebwa.  Mwezi uliopita nilimpeleka zahanati, na daktari, baada ya kumuuliza ataje majina ya wanyama na mimi kumnong'oneza, aliniambia kwamba ubongo wa mtu hunywea kidogo kidogo tangu utu uzima wake, hata asipougua, lakini kunywea kwa ubongo na kupungua kwa akili si ndugu wa tumbo moja. Nilimwitikia kama mtu aliyeelewa. Sikuelewa.

Nilipanda darini juu ya jiko nikajilaza kwenye magunia ya mahindi, jua bado linawaka, kichwani neno moja likizunguka kama nzi ndani ya chupa: zipo, hazipo, zipo, hazipo. Sijui usingizi ulinikuta kwenye lipi. Ninachojua ni kwamba magunia yaligeuka udongo, na udongo ule ulikuwa wa vuguvugu, unapumua polepole chini ya mgongo wangu kama ubavu wa ng'ombe aliyelala.

Nikainuka, nikaona nchi. Ilikuwa ya vilima viwili vilivyokabiliana, vimekaribiana kama ngumi mbili zilizogusanishwa, vimejaa mikunjo na mabonde membamba hata shamba moja limejificha nyuma ya jingine, na ukidhani umefika mwisho wa nchi unakuta ni mkunjo tu, ng'ambo yake kuna mashamba mengine na moshi wa watu wengine. Udongo wa juu ulikuwa wa kijivu, laini kama unga wa ulezi, na ndimo kila kitu kilimopandwa. Na chini yake, mahali palipokatwa, niliona mifereji myeupe, mingi kuliko nyuzi za shuka, imepishana, imeungana, inapeleka maji kutoka shamba hadi shamba. Na katikati ya vilima viwili lilikuwako daraja pana la mifereji hiyo hiyo, maji yakienda na kurudi. Ilikuwa nchi nzuri. Lakini nilipoangalia vizuri niliona mashamba mengi yamenywea: mpaka wa mawe wa zamani uko palepale, na shamba lenyewe limejivuta ndani kwa ndani, kama mgonjwa aliyevaa koti la ujana wake. Kingo nyingine zilikuwa zimebomoka, na maji yalipofika hapo yalitanda, yakasitasita, yakatafuta pa kupita.

Penye ukingo mmoja aliinama mama mfupi, tope limempanda hadi magotini, anakwangua mfereji kwa jembe dogo.

"Usikanyage hapo, mwanangu," akasema bila kugeuka. "Hapo nimeziba jana, bado pabichi."

Nikaruka pembeni, nikamwamkia. Akaniitikia, akajinyoosha mgongo kwa hatua, kwanza kiuno, kisha mabega. "Mie naitwa Taratibu. Mwenye nchi hii aliniita alipoanza kuota mvi. Vijana hawaniiti, wananiona namsumbua farasi anayekimbia. Lakini kila mmoja huniita siku moja, na wengine huniita wakati ambapo hata mimi siwezi kuziba kitu. Twende nikuonyeshe, ila utembee kwa mwendo wangu."

Tulitembea kwa mwendo wake, na hatukuwa tumekwenda mbali tulipomkuta bwana mmoja wa viatu vinavyong'aa, amekizungusha kilima kamba, anaivuta, anaipima kwa mkono wake, anatikisa kichwa. Huyo alikuwa Majivuno. Alinieleza bila kuulizwa kwamba amepima vilima vya watu wengi, na kwamba kanuni ni moja: kilima kikubwa, akili kubwa, kilima kimepungua, akili zimepungua. "Na hiki," akasema, "kimepungua. Kamba yangu sasa inabaki mkia. Andika kwamba nchi imekwisha."

"Mie si mwandishi," nikamwambia.

"Basi sema. Kesho si utasema?"

Nikashtuka, kwa maana sikuwa nimemwambia habari za kesho. Taratibu akanishika kiwiko akanipitisha. Tulipokuwa mbali akasema, "Usimtukane, maana hasemi uongo mtupu. Kilima kikubwa kina nafasi, na nafasi haijawahi kukataa mazao. Lakini nimeona wenye vilima vikubwa wanaolala njaa kwa sababu mifereji yao haiunganiki, na nimeona wenye vilima vidogo wanaogawia majirani. Kamba inazunguka ukingo, mwanangu. Maji yaliyo ndani haiyagusi."

Hapo tukamsikia mtu anakuja nyuma yetu kwa miguu mitupu, na akatupita dada mrefu mwembamba, khanga kaikaza kiunoni, anakimbia juu ya kingo kama anayekanyaga makaa. Akasimama mbele yetu, mikono magotini, akihema, akicheka kwa aibu ya kuhema kwake. "Nisameheni. Zamani ningekuwa nimeshafika na kurudi."

"Huyu ni Wepesi," Taratibu akasema.

"Nilikuwa Wepesi," yule dada akajibu. "Sasa jina linatangulia, mimi nafuata. Dada, zamani swali likipigwa pale langoni, nililipokea, nikalipeleka shambani, nikachuma jibu, nikarudi nalo kabla muulizaji hajafunga mdomo. Watu wakamsifu mwenye nchi, wakasema ana kichwa chepesi. Na unajua nilianza lini kuchoka? Unafikiri ni juzi. Hapana. Mwenye nchi alikuwa bado kijana, anacheza ngoma kwenye harusi hadi kandambili zinakatika, na mimi tayari pumzi zimeanza kupungua kidogo, kidogo sana, kama mafuta kwenye taa. Hakuna aliyenong'ona, kwa sababu bwana wa ghalani alikuwa ananifunika. Mimi nikipungua, yeye anaongezeka. Ndivyo tulivyokwenda, miaka yote ya utu uzima wake, mkono mmoja unashuka na mwingine unapanda, na watu wakaona mtu yuleyule amesimama."

Walinipeleka kwa huyo bwana wa ghalani. Alikuwa amekaa mlangoni, mnene, mtulivu, funguo kiunoni, na aliponiona hakuinuka ila alisogeza mguu nipite. Jina lake Ujuzi. Ghala lake sikuliona mwisho. Mlikuwa na majina ya mifereji, na hasira za kijito mwezi baada ya mwezi, na namna udongo wa ukingo unavyolia kabla haujabomoka, na nyimbo za jando, na bei za kahawa za enzi zilizopita. Na pembeni, juu ya ubao peke yake, kulikuwa na kicheko cha mwanamke, nami nilikijua, maana ndicho alichokuwa akicheka mama yangu akimenya ndizi. Hapo ndipo nikajua niko katika nchi ya nani. Nilitaka kukichukua. Bwana Ujuzi akasema, kwa upole tu, "Hicho hakitoki. Hutazamwa."

Nikapangusa macho kwa upindo wa khanga, na nilipoyainua niliona karibu kabisa na mlango, mahali panapowekwa vitu vya kila siku, jina la Mavura, limepanguswa vumbi, linang'aa kwa kushikwashikwa.

"Huyu si amekufa?" nikauliza. "Mbona yuko mlangoni?"

"Amekufa, hata kaburi lake ninalo humu," akasema Bwana Ujuzi. "Mimi natunza tu. Kilichomleta mlangoni, muulize mwenyewe aliyemleta."

"Mwenyewe nani?"

Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyeuliza jua liko wapi, nalo limemkaa kichwani. 

Kabla sijamuuliza tena, pembe ikalia kutoka langoni, na swali likaingia nchini. Nililisikia kwa sauti ya Elirehema: kwenye mfereji wa juu, nani humfuata nani. Wepesi akaruka, akalipokea, akaondoka nalo, na safari hii Taratibu alinivuta mkono tukamfuata. Alilipeleka kwenye kilima cha kushoto, kwenye mfereji ambao bila shaka alikuwa akiupita tangu ujana, akakuta ukingo umekwenda na maji. Akasimama. Moyo wangu ukasimama naye. Nikasema, basi, limepotea.

"Tulia uone," akasema Taratibu.

Wepesi aligeuka akapiga ukelele kuelekea kilima cha kulia. Huko watu walikuwa wamekaa kwenye kazi zao nyingine; wakainuka na majembe, na wanawake wakaacha vyungu mafigani, wakafungua maji ya kwao, maji ambayo si ya kazi hii, wakayaelekeza kwenye daraja. "Alipokuwa kijana," Taratibu akaniambia, "kilima kimoja kilitosha kwa swali kama hili. Sasa vinashirikiana viwili. Si aibu, ndivyo wenye busara wanavyovuna nchi ikishazeeka. Ila safari ni ndefu, na langoni hakuna anayeiona. Langoni wanaona mzee amenyamaza." Nikayaona maji yanakuja, membamba, yamebeba povu na majani makavu, yanasimama penye kila mkunjo kama yanayokumbuka, kisha yanaendelea. Walioyasindikiza walikuwa wakiambiana kwa sauti ndogo, tena kwa furaha, "Jibu liko njiani, jibu liko njiani." Bado kidogo tu yafike shambani. Ningeweza kuyagusa kwa ncha ya kidole.

Ndipo akatokea mwanamke kutoka upande wa lango, mzuri wa sura, macho yamelowa, ndoo kichwani. Watu walimpisha kwa heshima. Alikuwa akisema, "Maskini, maskini baba wa watu," na bila kutazama kulia wala kushoto akalifikia shamba, akaitua ndoo, akaimwaga yote. Shamba likalowa. Mlinzi wa shamba akapaza sauti kuelekea juu: "Limeshanyweshwa." Na yale maji yaliyokuwa yametoka ng'ambo, yaliyopita daraja, yaliyobakiza kidogo kufika, yakasikia, yakasimama, yakarudi. Hayakufika hata kule yalikotoka. Yalinywewa na mchanga wa njiani, na watu wa kilima cha kulia walibaki wamesimama na majembe yao, hawaulizi kitu, kama watu walioitwa kwenye msiba wakaambiwa marehemu hayuko hapa.

"Yule ni nani?" nikauliza.

"Anaitwa Huruma ya Haraka. Yuko dada yake, Huruma mwenyewe, ambaye hukaa chini akangoja. Wamefanana sura hata watu hukosea, wakampa huyu mdogo kiti cha mkubwa. Hana ubaya moyoni. Anapenda kuliko sisi sote. Lakini mfereji usiopita maji msimu huu, msimu ujao panya hufanya nyumba, na baada ya hapo hata swali likija na mlio wa ngoma, maji hayana pa kupita." Taratibu akafikicha tope mikononi. "Na siku hizi anakuja kila pembe inapolia."

Yule mwanamke alikuwa anarudi na ndoo tupu. Aliponifikia alitabasamu kama tunajuana, akasema, "Mwenzangu, nipokee, mkono umechoka." Nami nikapokea. Mshikio ulikaa kwenye sugu ya kiganja changu bila kutafuta, mahali hasa palipoumbwa na mshikio ule. Nikaangalia alama za miguu yake kwenye tope, zilizokuja na zilizokwenda, njia nzima kutoka langoni hadi shambani, imekanyagwa mpaka imekuwa ngumu kama sakafu. Nikaweka mguu wangu juu ya moja, ukaenea.

Nililia pale, sioni haya kusema. Nikamuuliza Taratibu, "Kwa hiyo ni mimi niliyeikausha nchi hii?"

"Hapana," akasema, na sauti yake haikunibembeleza. "Usijipe ukubwa usio wako. Miaka inakula, na hakuna mlango wa kuifungia. Mifereji mingi ilikwenda yenyewe kabla hujaja. Wewe umekausha michache. Lakini hiyo michache ndiyo iliyokuwa mkononi mwako."

"Naweza kuirudisha?"

"Mingine."

"Nionyeshe ipi."

Akanichukua mpaka langoni, tukasimama kwa nje, mahali wanaposimama waulizaji, na nikaona kwamba kutoka hapo hakuna kilima wala daraja, ni ukuta tu na kimya. "Sikiliza," akasema. "Kuna swali ambalo maji yake yako njiani. Kuna swali ambalo maji yake hayatakuja tena, hata ukikaa hapa ukaota mizizi. Ukisimama hapa, yote mawili ni kimya kilekile."

"Sasa nitayajuaje?"

"Kwa kungoja."

"Na nikingoja yasije?"

"Utakuwa umengoja."

Nikamwambia habari za kesho. Kwamba nitaulizwa neno moja, zipo au hazipo, na juu ya neno hilo kuna tangawizi ya watu, na kuna njia ambayo baba ataipita au hataipita tena. Taratibu aliinamia jembe lake dogo. "Ulizo hilo ni la yule bwana wa kamba," akasema. "Mie sijawahi kuona nchi ambayo ipo yote, wala nchi ambayo haipo. Nimeona nchi zinazoulizwa na nchi zinazosemewa." Nilitaka kumuuliza afanyeje mtu ambaye kamati haitaki maneno marefu kutoka kwake, lakini pembe ilikuwa inalia tena, karibu sana, na pua yangu ikajaa harufu ya kitu kinachoungua.

Niliamka. Yalikuwa makande yameshika chini. Kupitia nafasi za mbao za dari nilimwona baba jikoni, amekaa kwenye kigoda changu, anakoroga chungu kwa mwiko, polepole, kutoka nje kuja ndani, kama alivyokuwa akikoroga mama. Alikuwa ameongeza maji mwenyewe. Jua lilikuwa limefika mlangoni. Nikalala pale nikimtazama, na maneno ya daktari yaliyokuwa yamenipita yakarudi moja moja, kila moja limebeba maana yake. Nikaona kanisani, mtu anamwambia baba habari za siku nyingi na mimi namjibu yule mtu. Nikaona dukani, baba amefungua mdomo aombe chumvi na mimi nimeshasema chumvi. Nikaona zahanati, majina ya wanyama yakitoka kwangu kwa mnong'ono, ng'ombe, mbuzi, paa, na yeye ananitazama tu, na mimi nikadhani ananitazama kwa shukrani. Kumbe kila mara kulikuwa na watu ng'ambo wameacha vyungu mafigani. Sijui ni mara ngapi nimewarudisha. Hata leo, mbele ya Elirehema, midomo yake ilikuwa imeshajipanga.

Na lile la Mavura. Kijiji kizima kimelicheka, kamati imelijadili, Mama Namkunda amelisimulia hadi limepata miguu yake, na mimi nililala nalo na kuamka nalo. Nilijaribu kumkumbuka mtu mmoja, hata mmoja, aliyemuuliza baba mwenyewe. Sikumpata.

Nilishuka. Nikakaa chini kwenye mkeka, ng'ambo ya moto, ili nisiwe juu yake. Akanisogezea bakuli. Nikaliweka kando.

"Baba."

"Ee."

"Siku ile ndivani, ulipoita Mavura. Ulikuwa na nini moyoni? Naomba uniambie mwenyewe, nilisikie kwako kabla sijakwenda kwao kesho." Kisha, kwa kuwa nilijijua, nikaongeza, "Mie sitakusaidia."

Mwiko ulisimama. Aliinua macho, akaangalia ukuta, akaangalia mlangoni kule jua lilikokuwa likiondoka. Midomo ikaanza kujipanga, ikaacha. Nilikuwa na majibu matatu tayari, yote mazuri, yote ya kumwokoa, na niliyauma kwa meno. Huko nje Mama Namkunda alikuwa akiwaita kuku wake. Baba alishusha pumzi, akafungua mkono mmoja juu ya goti, kiganja juu, kama anayepima mvua. Moto ukala ukuni wake mpaka katikati. Uso wake ulikuwa ule wa mtu anayetafuta, au wa mtu aliyekwisha kusahau alichokuwa akitafuta, na kutoka nilipokaa sikuweza kuona tofauti.